Kabla ya Dua ya Safari, Tazama Mipira ya Gari Yako



Leo tunaweka pembeni mapishi na mishono. Tunataka tuzungumze mipira ya gari, au matairi kama wengine wanavyoita. Tunajua baadhi yenu mtasema hayo ni mambo ya wanaume. Lakini tazameni barabarani. Kisiwani kwetu siku hizi akina mama wanaoendesha ni wengi: wanaopeleka watoto skuli, wanaosambaza keki na mikate ya kumimina, walimu wanaosomesha shamba, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku. Mafuta tunatia kwa pesa zetu, bima tunakata kwa pesa zetu. Likija suala la mipira ndipo tunapomkabidhi mtu pesa na ufunguo, gari inarudi, tunashukuru na kuondoka. Amefunga mipira ya kipimo gani, ya mwaka gani, hatuulizi.

Sisi ni wanawake watatu tunaoshona pamoja. Gari yetu ni Noah, tuliinunua kwa kuchangiana, na inafanya kazi kuliko sisi wenyewe. Inabeba majora ya vitambaa kutoka Darajani, inapeleka sare za wafanyakazi wa hoteli Paje na Nungwi, na Ramadhani ikiingia inawarudisha majumbani wasichana wanaojifunza kazi kwetu, maana kipindi hicho tunashona mpaka saa nne za usiku. Hao wasichana ndio hasa waliotufanya tuandike haya. Mzazi anapokubali mwanawe achelewe kazini, hatuamini sisi tu. Anaiamini na ile gari, na mtu aliye kwenye usukani, na kila kilicho chini yake. Hiyo ni amana, na amana inaulizwa.

Wiki chache kabla ya Ramadhani tuliingia kwa fundi wa pancha, jambo la kawaida tu. Alipomaliza kuziba akatuita tuje tutazame. Akaubonyeza ubavu wa mpira wa nyuma kwa kidole gumba, tukaona nyufa nyembamba zimejaa kama za udongo wa bonde lililokauka. Wa upande wa pili hali ileile. Kashata zilikuwa bado zipo, hazijawa kipara hata kidogo. Mmoja wetu akasema, "Mbona bado mizima hii, si itafika Idi?" Fundi akajibu kwamba kufika inaweza kufika, ila yeye mwanawe asingempandisha.

Kwenye kibubu chetu kulikuwa na shilingi laki nane. Pesa hizo zilikuwa na jina lake tangu zilipoanza kuingia: mashine ya ovaloki. Aliyewahi kushona sare mia mbili kabla ya sikukuu anajua ovaloki ina maana gani. Kwa hiyo tulipofika nyumbani tukawa na maneno matatu. Mkubwa wetu alitaka mipira minne mipya, hata ovaloki isubiri. Wa pili alitaka mipira mitumba minne, ovaloki inunuliwe kwa mkopo mdogo. Wa tatu alisema tumuombe Mwenyezi Mungu atuvushe mwezi huu, halafu tutazame baada ya Idi.

Hilo la tatu hatulidharau, maana dua ni silaha ya muumini. Lakini sote tunaijua hadithi ya yule mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake, amfunge au amuache na kumtegemea Mola. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na mkopo wenye riba hatukutaka kuukaribia. Tukakubaliana kwamba kabla hatujatoa hata senti, tutajifunza kwanza tunanunua nini. Tumefundishwa kuchagua kitambaa kwa kukishika, kukivuta na kukitazama kwenye mwanga. Tukasema mpira nao utakuwa una namna yake ya kusomwa.

Na kweli unayo. Kila kitu kimeandikwa ubavuni, ila watu hawainami kutazama.

Kwenye gari yetu imeandikwa 195/65R15 91S. Namba ya kwanza ni upana wa mpira kwa milimita, yaani 195. Ya pili ni urefu wa ubavu, si kwa milimita bali kwa asilimia ya ule upana. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 127 hivi. Namba 15 ni kipimo cha ringi kwa inchi. Tulichukua tepu yetu ya kupimia nguo tukapima, na hesabu ikakubali: mpira ule una kimo cha sentimita 63 na kitu, na ukizunguka mara moja unakwenda karibu mita mbili. Kutoka mjini mpaka Paje ni kama kilomita 50. Maana yake kila mpira unazunguka kiasi cha mara elfu 25 kwenda tu, na kurudi mara nyengine hizo hizo. Na sehemu inayogusa lami kwa wakati mmoja ni kama kiganja cha mkono. Viganja vinne, basi, ndivyo vinavyoshikilia gari nzima na waliomo.

Herufi R inaonesha nyuzi zimepangwa vipi ndani. Hapa sisi mafundi wa nguo tulijisikia tuko nyumbani, kwa sababu ndani ya mpira mna nyuzi kama za kitambaa. Mipira ya zamani nyuzi zake zilikatwa mshazari, tabaka moja huku na jengine kule. Mipira ya siku hizi nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na chini ya kashata pana mikanda ya waya za chuma. Mtindo huu kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliusajili mwaka 1946, na leo ndio ulioenea kwenye gari ndogo. Mshonaji hahitaji kuelezwa kwamba uzi ukibadilisha mwelekeo nguo inabadilika tabia. Ndiyo maana aina hizo mbili hazichanganywi kwenye gari moja.

Halafu 91. Hii ndiyo namba inayorukwa na wengi, na kwa mama anayebeba watu ndiyo ya kuishika. Inataja uzito ambao mpira mmoja unaweza kuubeba. Namba 91 ni kilo 615, namba 88 ni kilo 560, namba 84 ni kilo 500. Herufi inayofuata ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Mwendo huo hapa petu hatuufikii na wala hatuutaki, lakini uzito tunaujaza kila siku.

Tulipoanza kuzunguka madukani tukaona faida ya kujua hayo. Duka la kwanza tulitajiwa mipira ya 185/65R15, rahisi kidogo, tukaambiwa kwamba ringi ni ile ile na inaingia vizuri tu. Kuingia itaingia. Lakini tuliinama tukasoma: 88. Tofauti ya 91 na 88 ni kilo 55 kwa kila mpira, na kwa mipira minne ni kilo 220. Ni kama kuambiwa ubebe watu wanne zaidi ya uwezo. Tulimwambia muuzaji kwa adabu kwamba tunataka kipimo kilichoandikwa kwenye gari, akatuuliza mume wa nani kati yetu ndiye mwenye gari. Tukamjibu kuwa gari ni yetu sote watatu. Akacheka, tukacheka, tukaondoka. Kipimo sahihi cha gari yako kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, pamoja na kiasi cha upepo. Kipige picha kwa simu, ukifika dukani huna haja ya kubishana na mtu.

Sasa tuje kwenye umri, kwani hapo ndipo mipira yetu ilipokamatwa. Tafuta herufi DOT, ufuate mstari mpaka mwisho. Kuna tarakimu nne, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mipira yetu ya mbele iliandikwa 4821, yaani wiki ya 48 ya mwaka 2021. Ya nyuma iliandikwa 1415. Wiki ya 14 ya mwaka 2015. Wakati mwengine tarakimu hizo ziko upande wa ndani, itabidi uingize simu chini ya gari upige picha. Na ukikuta tarakimu tatu tu badala ya nne, mpira huo ni wa kabla ya mwaka 2000. Uache hapo hapo.

Mpira unazeeka hata kama hautembei. Hewa, joto na jua vinaukausha taratibu, na sisi tunaishi kwenye vyote vitatu. Gari inashinda juani nje ya soko, inashinda juani pwani, inarudi nyumbani inalala nje. Watengenezaji wengi wanashauri mpira ukifika miaka mitano ukaguliwe kila mwaka, na ukifika miaka kumi ubadilishwe hata kama unaonekana mzima, na spea nayo ni hivyo hivyo.

Mwanzo tulidhani haya ni maneno ya watu wanaotaka kuuza. Kisha tukasoma habari za mama mmoja wa Uingereza, Frances Molloy. Mwanawe Michael alikuwa na miaka 18. Mwezi wa Septemba 2012 alikuwa kwenye basi lililokuwa likitoka kwenye tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight, wenzake wakirudi makwao. Mpira wa mbele ukapasuka, basi likaacha njia likagonga mti. Walifariki watu watatu, yeye mmoja wao. Mpira ule ulikuwa na umri wa miaka 19, umelizidi umri basi lenyewe na umemzidi Michael. Na kashata zake zilikuwa zinatosha, sheria ya wakati ule haikuukataza. Mama huyo hakukaa kimya. Alipigania jambo lile kwa miaka, na tarehe 1 Februari 2021 Uingereza ikaanza kupiga marufuku mipira iliyozidi miaka kumi kwenye magurudumu ya mbele ya mabasi na malori. Mama aliyefiwa ndiye aliyewafundisha wakubwa kusoma tarakimu nne.

Tulipomaliza kusoma habari ile, mwenzetu aliyetaka tusubiri mpaka baada ya Idi hakusema tena. Akaenda mwenyewe kuwaambia wasichana kwamba mpaka mipira ibadilishwe tutafunga kazi kabla ya magharibi, na mwenye safari ya mbali tutamlipia nauli ya daladala.

Kitu chengine tulichokigundua ni kwamba mipira ile ya nyuma haikuwa ya nchi za joto. Gari nyingi tunazonunua zinatoka Japani, na kule kuna theluji. Wakati wa baridi wanafunga mipira maalumu, laini sana, iliyoandikwa STUDLESS ubavuni, au yenye alama ya mlima na kitone cha theluji ndani yake. Ukiitazama kashata zake utaona zimejaa vichanjo vyembamba vya kupindapinda, kama pindo lililokatwa kwa mkasi wa meno. Kwenye barafu ni mizuri mno. Kwenye lami ya Zanzibar saa nane za mchana inakuwa laini kupita kiasi, inalika haraka, na gari inachukua masafa marefu zaidi kusimama. Kontena likifika na gari, au na mipira mitumba, alama hizo zipo wazi kwa mwenye kusoma. Mwenzetu aliyetaka mitumba tulikwenda naye kuichagua mchana kutwa. Katika mipira kumi na mbili aliyotolewa, mitano ilikuwa ya theluji na mitatu imeshapita miaka minane. Akarudi na vumbi mikononi, hakununua.

Hatusemi mtumba wote ni haramu kuugusa. Wako dada zetu ambao uwezo wao ndio huo, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Tunasema usinunue kwa kutazama weusi wa mpira, maana weusi unapakwa dawa ukang'ara. Tazama tarakimu za umri. Tazama ubavu kama una nundu. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika, kama bitana iliyofumuka huku nguo kwa nje inaonekana nzima, na mara nyingi inatokana na kugonga shimo au ukingo wa jiwe, na njia zetu za mawe ya matumbawe mnazijua. Mpira wenye nundu hauzibwi. Geuza utazame ndani pia, kama una viraka. Kiraka cha katikati ya kashata kikizibwa vizuri si tatizo, kiraka cha ubavuni usikikubali.

Kwa kina cha kashata tumia rula ndogo. Mpira mpya huwa na milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo, na ubavuni pameandikwa TWI kukuonesha vilipo. Kashata ikilika mpaka ikalingana na vituta hivyo imebaki milimita 1.6, na hapo mpira umekwisha. Lakini kwa mvua za masika usingoje huko. Mifereji ndiyo inayotoa maji chini ya mpira. Ikipungua, mpira unapanda juu ya maji badala ya kushika lami, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama gari haipo. Ukifika milimita 3, anza kutafuta pesa.

Tukapiga hesabu. Mpira mpya wa kipimo chetu tulitajiwa 185,000. Mtumba tulitajiwa 70,000. Ukitazama hivyo tu mtumba ni nafuu sana. Lakini mpya ukikaa miaka minne, kila mwezi unakugharimu kama 3,850. Mtumba ukikaa mwaka mmoja, kila mwezi unakugharimu zaidi ya 5,800, na kila ukibadilisha unalipa tena kufunga na kupima balansi. Sisi tunaokata kanga kwa hesabu ya inchi tulishindwa kuipinga hesabu hiyo.

Minne mipya hatukuiweza. Mipira ya mbele tuliipima tukaikuta na milimita 5, haina ufa wala nundu, umri wake haujafika miaka mitano. Tukaamua kununua miwili mipya, tukatoa 370,000 kwenye kibubu. Ovaloki ikaondoka mbele ya macho yetu, na hilo lilituuma.

Hata hivyo dukani hatukukubali cha kwanza. Muuzaji alituletea mpira wenye karatasi yake bado, unanukia upya. Tukainama: 1119. Umekaa stoo tangu 2019. Haujawahi kutembea, lakini miaka umeshaila. Tukaomba mwengine, akaleta wa 3625. Huo tukauchukua, na wa pili wa tarehe iyo hiyo. Tulitazama pia maandishi ya TEMPERATURE ambayo baadhi ya mipira inayo. Yana daraja A, B na C, na A ndiyo inayostahamili joto zaidi. Kwa nchi yetu hiyo tumeipenda.

Kwenye kufunga tukabishana tena. Fundi alitaka mipya iende mbele na ile ya 2021 irudi nyuma, kwa sababu Noah yetu inavutwa na magurudumu ya mbele. Watu wengi wanafanya hivyo, na ukisikiliza unaona ina maana. Lakini watengenezaji wa mipira, Michelin mmoja wao, wanashauri ukinunua miwili mipya ifungwe nyuma. Sababu yake inaeleweka. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari inakwenda moja kwa moja, wewe unasikia kwenye usukani, unaachia mafuta taratibu na inarudi. Ya nyuma yakiteleza, mkia wa gari unazunguka, na kuurudisha si kazi ya dereva wa kawaida, sikwambii kwenye mvua na watoto wamelala viti vya nyuma. Fundi alisikiliza akasema gari ni yenu mabibi, akafunga nyuma. Akapima balansi, akapiga alaimenti, akabadilisha na vali za upepo.

Upepo nao una kipimo. Kile kibandiko cha mlangoni kikiandikwa 230 kPa, ni sawa na paundi 33 hivi. Pima asubuhi gari ikiwa haijatembea, kwa sababu mpira ukishapata moto upepo wake unapanda na kipimo kinakudanganya. Upepo mdogo unaufanya ubavu ujikunje kwa kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakoleta joto mpaka mpira unapasuka. Na yale maandishi makubwa ya upepo ubavuni mwa mpira ni ukomo wa mpira wenyewe, si kiasi cha gari yako.

Ikabaki mipira miwili mikongwe. Mtu mmoja pale pale akatuambia atainunua, elfu ishirini kila mmoja. Elfu arobaini kwetu si kidogo, ni uzi wa mwezi mzima. Mwenzetu mmoja alishanyoosha mkono. Mkubwa wetu akauliza, "Anaipeleka wapi?" Jawabu tulikuwa nayo sote. Itapakwa dawa, itang'ara, itafungwa kwenye gari ya mtu asiyejua kusoma 1415, na huyo mtu naye atakuwa amebeba watoto wa watu. Kama hatukutaka wasichana wetu wapandishwe juu yake, tutaichukua vipi pesa ili wapandishwe wa mwenzetu? Tulimuomba fundi aikate ubavuni kwa msumeno, tukaondoka nayo. Sasa iko uani, imetobolewa chini maji yasituame yakazalisha mbu. Mmoja umeota mchaichai, mwengine mrehani.

Ramadhani ile tulishona bila ovaloki. Pindo zote tulizimaliza kwa zigizaga ya cherehani zetu za kawaida, na wateja wawili wa sare tuliwaambia ukweli kwamba tutachelewa siku tatu. Mmoja alikubali, mmoja akaondoka na kazi yake. Hasara hiyo tuliibeba. Baada ya tarawehe tuliwarudisha wasichana kama tulivyowaahidi wazee wao, mara nyengine mvua inanyesha na taa za njiani hazioni, kila mmoja mpaka mlangoni kwao, tukingojea aingie ndani ndipo tuondoke. Hatuna kisa cha ajabu cha kuwasimulia. Mipira haikupasuka, gari haikuteleza, mama mmoja alitupa sambusa za daku. Alhamdulillah.

Ovaloki bado hatujainunua. Tumeweka vibubu viwili. Kimoja cha ovaloki, chengine cha mipira, ambacho kila siku gari ikitoka kinaingia elfu moja. Elfu moja kwa siku haishtui, na kwa mwaka inakaribia bei ya mipira miwili, kwa hiyo ile ya 2021 ikifika zamu yake ya kustaafu hatutakuwa na mabishano tena.

Dada zetu, leo ukimaliza kusoma, toka nje na simu yako. Zunguka gari yako mara moja. Soma tarakimu nne za kila mpira na usisahau spea. Pitisha mkono ubavuni, tazama nyufa na nundu. Tazama kibandiko cha mlangoni. Kazi hiyo haifiki dakika kumi, na kwa gari ya mume, ya kaka au ya skuli anayopanda mwanao unaweza kuifanya vile vile, kwa upole, bila ya ugomvi. Ukikuta tatizo na pesa huna, punguza safari, punguza mzigo, usibebe watoto mpaka upate. Kisha panda, sema Bismillahi, soma dua ya safari, na umuachie Mola yaliyobaki.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi na vizazi vyetu barabarani na majumbani, na atujaalie tuwe watu wa kuzitunza amana. Amin.